Chafya 31 kabla ya adhuhuri: mzio wa chavua ulioanza baada ya miaka 60

Kisa hiki ni cha mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 63. Nimeondoa kila kinachoweza kumtambulisha. Yeye mwenyewe ameridhia niandike, kwa sababu aliteseka misimu miwili kwa jambo ambalo lingejulikana kwa kikao kimoja kama angeulizwa maswali yaliyostahili. Mmoja wa waliokosa kumuuliza ni mimi.

Siku ya kwanza

Aliingia na leso iliyolowa mkononi. Pua ilikuwa nyekundu, na ngozi ya juu ya mdomo imechubuka kwa kufutwafutwa. Alieleza shida zake kwa mpangilio, kama mtu aliyezoea kusimama ubaoni: mafua yasiyoisha, sasa wiki ya sita, macho yanawasha na kutoa machozi, usiku pua inaziba mpaka anapumulia mdomo, asubuhi anaamka kichwa kizito kama hakulala kabisa. Homa hana. Alikuwa amejipima nyumbani mara kadhaa na hakuwahi kufika nyuzi 38.

"Daktari, haya mafua yamenishinda," alisema. "Tangu mwaka jana nimemaliza dozi tatu za antibiotiki. Kila nikimaliza napata nafuu wiki moja au mbili, halafu yanarudi palepale."

Nikamuuliza kama ana mzio wa kitu chochote. Akajibu bila kusita: "Sina. Tangu nizaliwe sijawahi kuwa na aleji." Nikaandika kwenye faili: hana mzio. Nikaangalia koo, nikasikiliza kifua, nikamwandikia maji ya chumvi ya kusafishia pua, nikamwambia arudi baada ya wiki mbili.

Jibu lake lilikuwa la kweli. Kosa lilikuwa langu, kwa kulichukua kama kwamba linafunga mlango. Mtu anayesema hajawahi kuwa na mzio anakueleza yaliyopita. Mzio wa chavua kwa watu wengi huanza utotoni au ujanani, hilo ni kweli, lakini hakuna umri ambao mwili hupoteza uwezo wa kuanzisha mpya. Nililijua hilo, ila umri wake ulinifanya nisilikumbuke pale lilipohitajika.

Sikumuuliza pia habari za mkojo. Mzee wa miaka 63, mwenye tezi dume iliyokua, anayesema anatumia "dawa za mafua", na sikuuliza ni dawa gani wala anakojoaje.

Usiku wa mpira

Siku nne baadaye alirudi na mkewe. Usiku wa kuamkia jana yake mkojo ulikuwa umegoma kabisa. Tumbo la chini lilivimba na kuuma mpaka akakimbizwa hospitali na kuwekewa mpira wa mkojo. Huko waliambiwa ni tezi dume, na tezi dume kweli ilikuwepo. Alikuwa akitumia tamsulosini kwa ajili yake kwa mwaka na nusu. Lakini kwa nini usiku ule, baada ya mwaka na nusu wa kukojoa bila taabu?

Mkewe ndiye aliyetoa jibu. Alifungua mkoba, akachomoa kifuko cha plastiki na kumwaga vilivyomo mezani: chupa mbili za matone ya kuzibua pua, moja tupu na nyingine imebaki robo, na karatasi kadhaa za vidonge vya klorofeniramini, nyingi zimeshatobolewa.

"Hivi navyo anakunywa, daktari. Kimoja mchana, viwili usiku. Ndivyo vinavyomlaza."

Mumewe akamgeukia. "Hiyo si dawa mama, ni vidonge vya mafua tu."

Klorofeniramini ni antihistamini ya zamani, ya kizazi cha kwanza. Inazuia histamini, kemikali ya mwili inayoleta mwasho, chafya na kamasi wakati wa mzio, na hiyo ndiyo kazi inayotakiwa. Lakini haiishii hapo. Inaingia kwenye ubongo na kuleta usingizi, na inazuia pia asetilikolini, kemikali ambayo miongoni mwa kazi zake ni kuuamuru msuli wa kibofu ubane ili mkojo utoke. Kijana akiinywa, mdomo unakauka na macho yanakuwa mazito, basi. Kwa mwanamume ambaye kibofu chake tayari kinasukuma mkojo kupita kwenye njia iliyobanwa na tezi, kukipunguzia nguvu kidogo tu kunatosha kukisimamisha. Dawa hizohizo huwafanya wazee wayumbe na kuanguka usiku, wachanganyikiwe, wafunge choo, na kwa wenye aina ya glakoma inayotokana na pembe nyembamba ya jicho, presha ya jicho inaweza kupanda ghafla. Orodha ya Beers, inayohuishwa na chama cha madaktari wa wazee cha Marekani, inazitaja miongoni mwa dawa za kuepukwa na watu wa miaka 65 na kuendelea. Na hizi ndizo watu wanazozichukulia kuwa vidonge tu.

Kisha yale matone. Yanabana mishipa ya damu iliyo ndani ya pua, na ndiyo maana pua hufunguka ndani ya dakika chache na mtu akaona ameokoka. Yametengenezwa kwa matumizi ya siku chache, tatu hadi tano hivi. Ukiyatumia zaidi, utando wa pua unayazoea, na nguvu yake ikiisha mishipa inavimba kuliko ilivyokuwa mwanzo. Mgonjwa anaongeza tena, pua inavimba tena. Mzee wangu alikuwa ameyatumia wiki tano, mara tatu au nne kwa siku. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ule uzibaji wa usiku, uliomfanya anywe vidonge vya kumlaza, ilitoka kwenye chupa yenyewe.

Na tamsulosini? Inalegeza misuli ya njia ya mkojo, na pua kuziba au kutiririka kamasi ni miongoni mwa madhara yake yanayojulikana. Hapo kuna mambo matatu yamekutana kwenye pua moja kabla hata hatujafika kwenye chavua. Naona hapa ndipo kisa cha mtu mwenye umri mkubwa kinapoachana na cha kijana. Kijana anakuja na mzio wake peke yake. Mtu wa miaka 60 na zaidi anakuja nao ukiwa umezungukwa na dawa za presha, za tezi, za usingizi, na pua yenyewe iliyobadilika: utando umekuwa mwembamba na mkavu zaidi, vinyweleo vidogo vinavyosukuma uchafu nje vimepunguza kasi, na gegedu la ncha ya pua limelegea kiasi.

Maswali yaliyopaswa kuulizwa mwanzo

Safari hii niliweka faili pembeni nikaanza upya. Yalianza mwezi gani? Mwaka jana je, yalianza lini? Saa ngapi ni mabaya zaidi? Ndani au nje? Kuna kuwashwa, au kamasi tu? Na swali nililolichelewesha kuliko yote: ni kitu gani kimebadilika katika maisha yenu miaka ya karibuni?

Alipofikiria, mkewe akamtangulia. Walihama miaka mitatu iliyopita, alipostaafu. Nyumba mpya imepakana na eneo kubwa la nyasi ndefu. Msimu wa kwanza hapakuwa na kitu. Msimu wa pili alianza kupiga chafya, wakasema ni vumbi la masanduku ambayo hayajafunguliwa. Msimu wa tatu ndio huu.

Mpangilio huo unafahamika. Mara nyingi watu wanaohamia mahali penye chavua ambayo miili yao haijaizoea hukaa msimu mmoja, miwili au zaidi bila dalili, ndipo mzio unapojitokeza. Sababu ni namna mzio unavyojengwa. Mara za mwanzo chavua inapotua puani, mfumo wa kinga wa mtu mwenye mwelekeo huo huitambua kimakosa kama adui na kutengeneza kingamwili za aina ya IgE. Kingamwili hizo huenda kujibandika kwenye seli za masti, zilizojaa histamini na kutapakaa kwenye utando wa pua na macho. Muda wote huo mtu hasikii chochote. Siku chavua hiyohiyo inaporudi na kuzikuta kingamwili zimeshajipanga, seli zinapasua vifuko vyake ndani ya dakika chache: mwasho, chafya, kamasi jepesi kama maji, macho mekundu. Baada ya saa kadhaa huja awamu ya pili, seli nyingine za kinga zinapomiminika na kuvimbisha utando, na ndiyo maana aliyepiga chafya asubuhi anaziba pua usiku.

Kuhusu mwasho, nilimwona akifanya kitu ambacho alikuwa hajakitaja. Kila baada ya dakika chache alikandamiza ulimi kwenye kaakaa na kuuvuta kwa mlio mdogo, kama mtu anayekuna kwa ulimi. Mkewe akasema mlio huo umemkera miezi miwili. Mafua ya virusi hayana kawaida ya kuwasha kaakaa. Mzio unawasha kaakaa, pua, macho, hata ndani ya masikio.

Daftari

Nikampa kazi: aandike kwa wiki mbili. Sikutegemea aliyoniletea. Alikuwa amepiga mistari kwa rula na wino mwekundu, safu sita: tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, idadi ya chafya, mkojo. Chafya alizihesabu. Ninanakili siku chache, kwa ruhusa yake:

Jumanne, saa 12 asubuhi, barazani, upepo: chafya 17, macho yanawasha.
Jumatano, mvua tangu alfajiri, ndani: chafya 2.
Alhamisi, jua kali, jirani anakata nyasi kwa mashine: chafya 31 kabla ya adhuhuri, nimeacha kuhesabu.
Ijumaa na Jumamosi, kwa binti yetu, ghorofa ya saba, katikati ya jiji: 3, kisha 1.
Jumapili jioni, tumerudi nyumbani: 14.

Virusi havijui mvua imenyesha. Havipumziki mtu anapopanda ghorofa ya saba na kurejea jioni ile anaporudi nyumbani. Chavua ya nyasi inasafirishwa na upepo, mvua ya kutulia inaiosha hewani, na ukataji wa nyasi zilizochanua unairusha juu yote kwa mpigo. Daftari lile lilinieleza mengi kuliko kipimo chochote nilichokuja kufanya baadaye. Lilieleza pia zile dozi tatu za antibiotiki: tulipolinganisha tarehe alizozikumbuka, mbili kati ya hizo "nafuu" ziliangukia wiki za mvua.

Niliwahi kusoma kwamba hata aliyeueleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza kitabibu alianza hivihivi, kwa kujitazama mwenyewe. John Bostock, daktari wa London, mwaka 1819 aliwasomea wenzake maelezo ya ugonjwa unaomshika yeye kila kiangazi tangu utotoni. Yeye alishuku joto na jua, watu wengine wakalaumu harufu ya nyasi zilizokatwa, na ndiko Waingereza walikotoa jina la homa ya nyasi kavu, ingawa hakuna homa wala nyasi kavu si kisababishi. Ilichukua zaidi ya miaka 50 mpaka Charles Blackley wa Manchester, naye mgonjwa, alipochapisha mwaka 1873 majaribio aliyojifanyia kwa chavua: kuivuta puani, kuipaka kwenye ngozi iliyokwaruzwa, hata kurusha tiara zenye vioo vya kunasia ili kujua kama chavua ipo juu angani. Mwalimu alipenda sana habari hiyo ya tiara.

Kabla ya kusema ni mzio

Pua ya mtu wa makamo inayobadilika tabia ghafla haipewi jina la mzio mpaka mambo mengine yaangaliwe. Kuziba upande mmoja tu, damu upande mmoja, maumivu au ganzi ya uso, kuona vitu viwiliviwili, uvimbe shingoni, au maji mepesi yanayodondoka tundu moja mtu anapoinama: lolote kati ya hayo linataka daktari wa pua haraka, kwa sababu huenda ni uvimbe au hata maji ya kuzunguka ubongo yanayovuja. Yeye hakuwa nalo. Hata hivyo nilimpeleka kwa mwenzangu wa masikio, pua na koo aliyetazama ndani kwa kamera. Utando ulikuwa umevimba pande zote mbili na kupauka, hakuna polipu, yaani vinyama laini vya puani, wala kingine kinachoota.

Kipimo cha ngozi kilifuata, wiki moja baada ya kuacha antihistamini zote, kwa sababu ukizinywa kipimo kinadanganya. Matone madogo ya vizio, yaani vitu vinavyoweza kuleta mzio, huwekwa kwenye mkono, kila tone linachomwa kidogo, na baada ya dakika 15 hadi 20 uvimbe unapimwa. Ukizidi ule wa tone la maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi, kipimo ni chanya. Kwa wazee lazima uangalie kwa makini tone la histamini lililowekwa kwa kulinganisha, maana ngozi inavyozeeka inaitika kwa udogo zaidi. Lake lilivimba milimita 4. Nyasi zilivimba 6. Utitiri wa vumbi, ukungu na manyoya ya paka havikuonyesha kitu. Ngozi isingeitika hata kwa histamini, tungepima IgE kwenye damu.

Namsisitizia kila ninayemfundisha kwamba kipimo peke yake si ugonjwa. Wapo watu wengi ambao ngozi zao huvimba kwa chavua na hawajawahi kupiga chafya kwa sababu yake. Kilichotupa uhakika ni kipimo na daftari kusema jambo moja.

Mkono wa kulia, tundu la kushoto

Klorofeniramini aliiacha siku ileile mkewe alipomwaga kifuko. Mpira wa mkojo ulitolewa siku ya tano na akakojoa mwenyewe. Tamsulosini tuliiacha iendelee, kwa makubaliano na daktari wake wa njia ya mkojo: bora pua iliyoziba kidogo kuliko kurudi kwenye mpira.

Matone ya kuzibua yalitaka hila. Mtu aliyeyazoea wiki tano ukimkatia ghafla halali. Tulianza dawa ya kupuliza ya steroidi, aina ya dawa inayotuliza uvimbe, iitwayo flutikasoni, pande zote mbili, na matone tukayaondoa tundu la kulia kwanza huku la kushoto likiendelea. Wiki moja baadaye kulia kulikuwa kunapitisha hewa, tukaondoa na kushoto. Alilalamika usiku mbili, akavumilia.

Steroidi ya kupuliza ndiyo tegemeo kuu la mzio wa chavua wenye kusumbua kila siku, na ndiyo watu wanayoikatia tamaa mapema, kwa sababu mbili. Kwanza, haifungui pua kwa dakika kama yale matone. Huanza kazi baada ya saa kadhaa, na nguvu yake kamili yaweza kuchukua hadi wiki mbili. Pili, wengi huipuliza vibaya. Mwalimu alirudi siku ya tisa akisema haimfai, inamchoma kooni, na asubuhi ameona damu kwenye leso.

"Nionyeshe unavyofanya, Mwalimu."

Akainua kichwa juu kama anayetazama dari, akashika chupa kwa mkono wa kulia, akaielekeza tundu la kulia moja kwa moja ndani na kidogo kuelekea katikati, akabonyeza, kisha akavuta pumzi kwa nguvu zote mpaka mabega yakapanda. Nikasikia dawa ikipita kwenda kooni. Yote aliyoyafanya ndiyo yanayofanywa na karibu kila mtu ambaye hakuonyeshwa.

Tukafanya upya pamoja. Toa kamasi kwanza, taratibu. Tikisa chupa. Inamisha kichwa kidogo mbele, kama unayesoma kitabu mapajani. Mkono wa kulia unapuliza tundu la kushoto, na wa kushoto unapuliza la kulia, kwa sababu mkono ukivuka, ncha inaelekea yenyewe upande wa nje, kwenye usawa wa sikio, mbali na ukuta mwembamba wa katikati unaotoa damu kirahisi. Bonyeza huku ukivuta pumzi kidogo tu, kama unayenusa ua. Ukiisikia kooni, umeivuta kwa nguvu mno. Aliirudia mara tatu mbele yangu. Ya tatu akasema, "Safari hii sikuionja." Damu haikuonekana tena.

Kwa siku zinazozidi nilimpa loratadini, antihistamini ya kizazi kipya ambayo haileti usingizi kwa watu wengi na haigusi kibofu kama ile ya zamani. Setirizini ingewezekana pia, ila huwalaza baadhi ya watu, na dozi yake hupunguzwa figo zikiwa zimechoka, jambo la kupimwa kwanza kwa mtu wa umri huu. Vidonge vya kuzibua pua vyenye sudoefedrini nilimkataza kabisa: vinapandisha presha, na vinaweza kuufunga mkojo vilevile.

Kuna ndugu aliyemshauri achome sindano moja ya steroidi ya kukaa muda mrefu amalize msimu mzima kwa siku moja. Nilikataa, na ningekataa tena. Dawa hiyo inaingia mwili mzima, inaweza kupandisha sukari na presha na kuidhoofisha mifupa, na ikishaingia hakuna namna ya kuitoa madhara yakianza. Kwa ugonjwa ambao mpulizo mdogo wa puani unautuliza, hasara hiyo haina sababu.

Matembezi ya asubuhi

Sehemu hii tulibishana, si na mgonjwa bali na ushauri aliokuwa amepewa kabla: kaa ndani, funga madirisha, usitoke mpaka msimu uishe. Kwa mtu wa miaka 63 mwenye presha, anayetembea saa nzima kila asubuhi na kukutana na wenzake njiani, huo ni ushauri wa kumgonjesha. Tulihamisha matembezi badala ya kuyafuta. Anatembea mvua ikishakatika, au njia iliyo mbali na nyasi. Siku za upepo mkavu anavaa barakoa na miwani. Akirudi anabadili nguo na kuoga, kichwa pia, ili chavua isilale naye kwenye mto. Madirisha ya chumba cha kulala hufungwa asubuhi na jioni chavua inapokuwa nyingi. Mashuka hayaanikwi nje jirani akikata nyasi. Pua anaisafisha kwa maji ya chumvi kabla ya kupuliza dawa, na maji hayo ni lazima yawe yamechemshwa yakapozwa, kwa sababu maji mabichi ya bomba yanaweza kubeba vimelea ambavyo puani ni hatari ingawa tumboni havidhuru.

Kifua chake nilikipima pia, maana mzio wa pua na pumu ni jamaa wa karibu na pumu ya kuanza ukubwani hukosewa ikaitwa moyo au umri. Hakuwa nayo. Nilimwonya tu kuhusu radi msimu wa nyasi. Chembe nzima ya chavua ya nyasi ni kubwa mno kufika ndani ya mapafu, inanasa puani, lakini hewa yenye dhoruba inaweza kuipasua kuwa vipande vidogo vinavyopita. Mwezi Novemba 2016 jijini Melbourne dhoruba ya namna hiyo ilijaza hospitali kwa usiku mmoja na watu 10 walifariki, na wengi kati ya waliougua walikuwa na mzio wa pua tu, hawajawahi kuambiwa wana pumu.

Kisichorudi chote

Ndani ya wiki tano usingizi ulirudi na leso ikakaa mfukoni. Uwezo wa kunusa haujarudi wote. Sabuni anaisikia, maua anayasikia, lakini mkewe anaunusa moshi dakika kadhaa kabla yake. Umri peke yake hupunguza kunusa, na mzio uliokaa misimu miwili bila tiba umeongeza lake. Tumekubaliana wafunge kengele ya moshi nyumbani, jambo ambalo napendekeza kwa kila mzee aliyepungukiwa na harufu.

Tulizungumza pia tiba ya kuuzoesha mwili, ile ya kuuingizia chavua kidogokidogo kwa sindano au vidonge vya chini ya ulimi kwa takriban miaka mitatu. Leonard Noon wa London aliichapisha kwa mara ya kwanza mwaka 1911 na bado ndiyo tiba pekee inayobadili mzio wenyewe badala ya kuzima dalili zake. Umri wake haumzuii, ingawa baadhi ya dawa za presha na magonjwa ya moyo humfanya daktari afikiri mara mbili. Aliipima, akasema kwa sasa mpulizo unamtosha.

Msimu wa nne alianza flutikasoni wiki mbili kabla nyasi hazijachanua, kwa tarehe aliyoitoa kwenye daftari lake. Loratadini aliinywa siku nane msimu mzima. Chafya nyingi kuliko zote kwa siku moja zilikuwa sita, siku ya mashine ya jirani, naye ameziandika kwa wino mwekundu. Safu ya mkojo ameiacha ilivyo. Kila siku ameweka alama ya vema.